Kumrudishia Mbwa Mchanga Afya Baada ya Ugonjwa wa Minyoo

Nilipoambiwa niandike makala ya jarida letu, rafiki zangu walidhani nitaleta mambo ya ngeli au uchambuzi wa riwaya. Mimi nimeleta mbwa. Msicheke kwanza. Katika somo la Kilimo tumechora tegu wa ng'ombe na wa nguruwe mpaka mtu anamwota usiku, lakini mbwa anayelala mlangoni petu na kutulinda hatujui hata namna ya kumpa dawa. Mimi pia sikujua, na ujinga huo nusura uniulie mbwa.

Likizo ya Disemba 2024 nilikwenda kwa nyanya yangu, ambaye sisi humwita susu, huko Ikutha katika kaunti ya Kitui. Mbwa wake wa kike alikuwa amezaa watoto wanne. Wawili walikuwa wamekwisha kufa kabla sijafika, na susu alisema tu kwamba watoto wa mbwa ndivyo walivyo, wengine hufa. Akanipa mmoja kati ya wale waliobaki. Nilimtia ndani ya katoni, nikapanda matatu, tukavuka Mto Athi na kufika kwetu Kibwezi, kaunti ya Makueni, kabla ya jua kutua. Nikampa jina la Simba. Najua, kwetu kila mbwa wa tatu anaitwa Simba. Lakini huyu wangu siku hiyo hata panya angemtimua.

Alikuwa na umri wa wiki tisa hivi. Tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma, nasi tukafurahi tukasema, huyu ameshiba. Kumbe! Mbavu ungeweza kuzihesabu moja moja, manyoya yalikuwa yamesimama bila mng'ao, na macho yalijaa tongotongo. Alikula sana lakini kile chakula hakikuonekana kilikokwenda. Siku ya tatu alitapika, na katika matapishi mlikuwa na minyoo weupe, warefu kama tambi, wakijikunjakunja. Dada yangu mdogo wa miaka minne alipiga ukemi akakimbilia jikoni kwa mama.

Hapa ndipo nilipokosea. Nyumbani kulikuwa na chupa ya dawa ya minyoo ya mbuzi, imebaki kidogo. Nikawaza, mnyoo ni mnyoo, dawa ni dawa. Nikammiminia Simba kinywani kwa kukadiria na jicho tu. Haikupita nusu saa akaanza kutoa ute mwingi mdomoni, akatapika, miguu ikatetemeka kama mtu aliyenyeshewa. Nilikaa naye chini ya mwembe nikiamini kwamba anakufa na kwamba nimemuua mimi. Usiku ulipoingia alitulia. Baadaye nilielezwa kwamba baadhi ya dawa za mbuzi na kondoo zina levamisoli, ambayo ukimzidishia mbwa kidogo tu inageuka sumu. Basi msomaji, chupa ya mbuzi iwe ya mbuzi.

Asubuhi yake nilimpakata hadi kwa daktari wa mifugo sokoni. Nilipomweleza niliyoyafanya hakunigombeza sana, alitikisa kichwa tu. Kisha akainua mdomo wa juu wa Simba akanionyesha ufizi. "Kijana, tazama hapa. Huu unafaa kuwa mwekundu kama ulimi wako. Wake umekuwaje?" Ulikuwa mweupe kama karatasi ya daftari. Akaubonyeza kwa kidole na kuachilia. Kwa mbwa mzima, alisema, pale palipobonyezwa rangi hurudi kabla hujahesabu mbili. Kwa Simba ilikuwa ikirudi polepole, kama mtu anayekuja kutoka mbali. Jambo hili hata wewe unaweza kulifanya nyumbani bila kifaa chochote, na ndilo la kwanza ninalotaka ulishike katika makala haya.

Kumbe wale warefu waliotapikwa hawakuwa adui peke yao. Ufizi mweupe na kinyesi cheusi vilionyesha kwamba ndani kulikuwa na minyoo wengine, wadogo wa kama sentimita moja, ambao huuma ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Hao ni ndugu za wale wanaoleta safura kwa binadamu. Daktari alinipa hesabu, na kwa kuwa mimi hupenda hesabu nitawapa nanyi. Mnyoo mmoja wa aina hiyo anaweza kumaliza hadi kama sehemu moja ya kumi ya mililita ya damu kwa siku. Ni kitone tu. Lakini mbwa wa kilo 3 ana damu yote mwilini kama mililita 250, yaani kikombe kimoja cha chai. Akiwa na minyoo 100, anapoteza mililita 10 kila siku. Piga hesabu ya wiki mbili uone kinachobaki kikombeni. Ndiyo maana watoto wa mbwa "hufa tu", kama alivyosema susu.

Nikamwuliza, lakini daktari, mtoto mdogo hivi ameokota wapi minyoo yote hii? Jibu lake lilinishangaza. Aliipata kwa mama yake. Minyoo wachanga hujificha katika nyama ya mbwa jike bila kumsumbua. Akibeba mimba, wale wa duara huamka na kupita hadi kwa watoto tumboni, kwa hivyo mtoto huzaliwa tayari anao. Wale wanyonya damu humfikia kwa njia ya maziwa. Akiwa na wiki tatu tu, mtoto huyo anaweza kuwa tayari anatoa mayai ya minyoo katika kinyesi chake. Kwa sababu hiyo inafaa watoto wa mbwa wapewe dawa wakiwa na wiki mbili, kisha kila baada ya wiki mbili mpaka wiki ya nane, halafu kila mwezi mpaka miezi sita. Mama yao naye apewe wakati huohuo. Wangapi wetu hufanya hivyo? Mimi sijapata kumwona mmoja.

Dawa yenyewe sitaieleza kwa urefu kwa kuwa ni kazi ya daktari. Ile aliyompa Simba ilikuwa tembe yenye pairanteli, ya minyoo wa duara na wanyonya damu, pamoja na prazikwanteli, ya tegu. Kubwa ni kupima uzito kwanza. Ikiwa dozi ni miligramu 5 kwa kila kilo, mbwa wa kilo 3 atapata 15, na si "nusu ya tembe kwa sababu ni mdogo". Kisha lazima irudiwe baada ya wiki mbili. Dawa huua minyoo walio utumboni siku hiyo, na wale wachanga wanaosafiri bado katika mapafu na nyama hawafikiwi. Wiki mbili baadaye wameshuka utumboni, nawe unawangojea na tembe ya pili.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Baada ya dawa nilidhani kazi imekwisha. Siku mbili mfululizo Simba alitoa minyoo, tumbo likashuka, nami nikawa napiga mluzi. Siku ya saba nilikwenda kumpima. Jirani yetu ni mzee anayenunua ndengu, naye ana mizani ya kuning'iniza. Nilimtia Simba ndani ya kiondo cha mama, tukakining'iniza, tukatoa uzito wa kiondo. Siku ya kwanza alikuwa na kilo 2.9. Baada ya wiki alikuwa na 2.7. Amepungua! Mzee yule alicheka akaniuliza kama nauza.

Nilirudi kwa daktari nikiwa mdogo kama piritoni. Akanifafanulia kwamba sehemu ya uzito wa kwanza ilikuwa minyoo na maji ya tumboni. Tena dawa haijengi damu wala nyama, inamtoa mwizi tu. Nyumba iliyoibwa ni juu yako kuijaza. Utumbo uliotobolewatobolewa unahitaji siku za kupona, na chakula kisipokuwa cha kufaa hupita tu bila kufyonzwa. Akaniuliza ninampa nini. Nikasema isyo, yaani mahindi na maharagwe kama tunayokula sisi, mara moja jioni nikitoka shule. "Na kinyesi chake umekitazama?" Nilikuwa nimekitazama. Mahindi yalikuwa yakitoka mazima kama yalivyoingia.

Basi nikabadilisha. Tumbo la mbwa mchanga ni dogo, kwa hivyo badala ya mlo mmoja mkubwa nilimpa kidogo mara nne: alfajiri kabla sijaenda shule, mchana (hapo mama alinisaidia), jioni nikirudi, na kabla ya kulala. Ugali laini uliolowekwa katika mchuzi wa mifupa, na ndani yake omena waliochemshwa na kupondwa. Yai moja lililochemshwa kila baada ya siku mbili. Ini kidogo mara mbili kwa wiki, kwa sababu ini lina madini ya chuma, na damu haitengenezwi bila chuma. Lakini lisizidi, maana ini jingi kila siku nalo lina madhara. Maziwa ya ng'ombe yalimharisha, nikaacha. Maziwa lala kidogo yalimkubali. Siku alizoharisha nilimpa maji ya chumvi na sukari kama ya watoto: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogo kidogo.

Kuna kitu kimoja ambacho wengi hawakijui. Mchuzi wetu wa nyumbani una vitunguu, na kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Yaani unamhurumia mbwa aliyepungukiwa damu, unampa mabaki ya kitoweo, na kumbe unaendeleza kazi ya minyoo. Chakula chake nilikiepua kabla mama hajatia vitunguu.

Mnaweza kuona tatizo linakuja. Ini, yai, omena, na huku kwetu? Mama alinyamaza siku tatu. Siku ya nne akasema, "Mwanangu, mbwa huyu anakula yai na dada yako anakula sukuma. Nikiulizwa na watu nijibu nini?" Sikuwa na jibu, maana alisema kweli. Nikaenda kwa mwenye bucha, nikapatana naye kwamba kila Jumamosi nitafagia na kuosha meza, naye atanipa mapafu, vipande vya ini na mifupa isiyouzika. Omena nikanunua yale makombo ya chini ya gunia, ambayo ni rahisi. Mayai yakarudi kwa dada yangu. Baada ya hapo mama hakusema neno, na Jumamosi moja nilimkuta yeye mwenyewe akimchochea Simba sufuria yake.

Nyama hizo za bucha zichemshwe mpaka ziive kabisa. Hili si la ladha. Mapafu na maini ya mbuzi na ng'ombe huweza kuwa na malengelenge ya maji, ambayo mbwa akiyala mabichi hupata tegu mdogo sana asiyemdhuru yeye, lakini mayai yake yakimwingia binadamu humfanya uvimbe wa maji katika ini au mapafu. Huko Turkana ugonjwa huo umewatesa watu kupita karibu mahali pote duniani, hata shirika la AMREF likaanza mpango wa kuupiga vita mwaka 1983. Watu walipasuliwa na mbwa wakapewa dawa.

Uzito nao? Wiki ya pili, siku ya tembe ya pili, alirudi kilo 2.9. Wiki ya tatu 3.4. Wiki ya nne 3.9. Niliziandika nyuma ya daftari la Hisabati, na mwalimu alipoziona aliniuliza ni mlinganyo gani huo. Ufizi ulianza kupata rangi ya waridi katika wiki ya tatu. Manyoya ndiyo yaliyochelewa zaidi, mwezi mzima na ushei, kwa hivyo usikate tamaa ukiona mbwa amenenepa na bado anaonekana kama zulia kuukuu.

Mahali pa kulala panaweza kuharibu yote haya. Simba alipenda kujilaza chini ya mtungi wetu wa maji, pale panapodondoka matone, penye kivuli na udongo wenye unyevu. Sisi watu wa Ukambani hulilaumu jua, lakini katika jambo hili jua ni rafiki. Vijinyoo wa safura ya mbwa huishi katika udongo wenye unyevu na kivuli, nao huingia hata kwa kupenya ngozi, wakikauka hufa. Kwa hivyo mvua za Oktoba hadi Disemba zinaponyesha, ndipo hatari inapozidi. Nilimhamisha. Nilimtengenezea kibanda cha mbao kilichoinuliwa juu ya mawe, nikatandika gunia la katani, na kwetu Kibwezi katani si kitu cha kutafuta. Gunia hilo nililianika juani kila siku na kulichemsha kila wiki, kwa sababu ya viroboto pia. Mbwa akimmeza kiroboto wakati wa kujikuna kwa meno anaweza kupata tegu tena, dawa ya juzi ikawa bure.

Mayai ya minyoo wa duara ni wakaidi zaidi. Yanaweza kukaa udongoni miaka, na jua tu halitoshi. Lakini yana udhaifu mmoja: yanapotoka na kinyesi hayawezi kuambukiza siku ileile. Yanahitaji kama wiki mbili au zaidi udongoni ndipo yakomae. Ukikiondoa kinyesi kila siku na kukizika shimoni mbali na kiwanja na shamba la mboga, umeyawahi. Nilitumia koleo kuukuu, asubuhi na jioni. Wenzangu wa mtaani walinipa jina ambalo siwezi kuliandika hapa.

Nilifanya hivyo kwa ajili ya dada yangu zaidi kuliko mbwa. Yeye hucheza mchanga palepale kiwanjani, na vidole haviishi mdomoni. Mayai yaliyokomaa yakimezwa na mtoto, vijinyoo huzungukazunguka mwilini, na wakiingia jichoni wanaweza kuliharibu. Tulimkataza kumpakata Simba mpaka tembe ya pili ipite, akalia siku mbili. Tukamfundisha kunawa kwa sabuni kila akimgusa. Sasa yeye ndiye polisi wa sabuni, hata baba hapiti.

Kabla sijasahau: si kila kuharisha ni minyoo. Mbwa mchanga akitapika mfululizo, akaharisha damu yenye harufu kali na kukataa chakula na maji, huenda ni ugonjwa wa virusi uitwao pavo, ambao unaua kwa siku chache na tembe za minyoo haziugusi. Hapo usingoje Jumamosi. Ufizi ukiwa mweupe kabisa na mbwa hawezi kusimama, vilevile mpeleke siku hiyohiyo.

Daktari alitaka pia Simba achanjwe kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu, lakini akasema tungoje kidogo apate nguvu, kwa kuwa mwili dhaifu hauitikii chanjo vizuri. Kaunti yetu ya Makueni ni mojawapo ya zile zilizoteuliwa kuwa za majaribio katika mpango wa taifa wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa, uliowekwa kwa miaka 2014 hadi 2030. Ili ugonjwa huo ukatike inatakikana mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Wiki ya sita Simba alipimwa kilo 5.1, akadungwa sindano yake, akamng'oa daktari kifungo cha koti. Daktari alisema hiyo ni dalili nzuri.

Likizo ya Aprili nilirudi Ikutha na tembe mfukoni, za yule mama mbwa na za mtoto aliyebaki. Nilikuwa nimechelewa kwa mtoto. Susu alisema alikufa Februari. Mama mbwa tulimpima kwa mizani ya dukani, akapata tembe zake ndani ya tonge la ugali. Susu alisimama kando akishangaa kwamba siku hizi hata ngiti hunywa dawa. Kisha akaniuliza, polepole, akizaa tena wale wadogo wapewe lini. Nikamwandikia kwa kaa ukutani jikoni: wiki ya 2, ya 4, ya 6, ya 8.